Kumpeleka mzazi kuvua samaki Watamu: panga malipo kabla ya kufunga begi

Familia nyingi za Subukia zinaijua safari hii. Mtoto amemaliza shule, amepata kazi, ameweka kidogo kidogo, halafu siku moja anapiga simu nyumbani: "Baba, mwaka huu tupande SGR uone bahari." Wazazi wengi wa Bahati, Solai na Subukia wameiona Mombasa kwa njia hiyo tangu treni ilipoanza 2017. Siku hizi kuna wanaoongeza kitu kimoja juu ya safari: siku ya kwenda kuvua kwa boti, na nahodha anayejua samaki walipo.

Kwa mzee aliyelima mahindi na nyanya maisha yake yote, hiyo ni siku ya kusimulia mpaka uzeeni. Kwa upande wa pesa, siku hiyo hiyo ndiyo ngumu kuliko zote. Nauli utalipia kituoni au kwa simu na tiketi utaiona. Boti utailipia ukiwa zaidi ya kilomita 700 mbali, kwa mtu ambaye hujawahi kumwona, na kwa kitu ambacho bahari yenyewe inaweza kukikataa asubuhi ile. Tunapokea maswali mengi ya watu waliolipia safari za namna hii, na karibu yote yangeepukwa kabla ya pesa kutoka kwenye simu. Kwa hiyo tuanze na safari yenyewe, maana usipoijua huwezi kujua unalipia nini.

Unalipia nini hasa

Watamu na Malindi, kaunti ya Kilifi, ndiko kwenye boti nyingi za kuvua kwa mshipi kama mchezo. Boti hutoka alfajiri, hupita mlango wa mwamba, kisha huanza kurambaza, yaani kukokota chambo nyuma ya boti inayotembea. Anayetafutwa zaidi ni sulisuli, yule mwenye pua kama mkuki na pezi la mgongoni linalofunguka kama tanga. Nduwaro ni ndugu yake mkubwa. Hawa wawili wakivutwa mpaka ubavuni mwa boti, kwenye boti nyingi huwekewa alama na kuachiliwa, na taarifa zao hupelekwa kwa African Billfish Foundation, shirika lililoko Watamu linalofuatilia samaki hao wanakokwenda. Jodari, nguru na kolekole ni wa kula.

Mweleze mzazi mapema habari ya kuachilia. Usingoje mpaka mko majini. Mkulima wa Subukia akisikia mmelipa maelfu ya shilingi kumvua samaki, mkapigana naye nusu saa, halafu mkamrudisha, atakuuliza kama uko sawa kichwani. Si peke yake duniani: kule Kanada, kwenye mto Fraser, watu huwalipa waongozaji ili kuvua sturgeon, samaki mzee na mkubwa anayeweza kumpita mtu kwa urefu, na sheria inawataka wamwachilie akiwa hai. Wanacholipia ni ile kazi ya kumvuta na picha moja. Ukimwambia baba hivyo akiwa bado nyumbani, atacheka, na atakuja akijua anachokuja kufanya.

Hata wale samaki wa kula, uliza ni wa nani. Kuna boti ambazo samaki wote ni mali ya boti na mgeni hupewa kipande tu. Kuna nyingine mnagawana. Hakuna ubaya kwa utaratibu wowote kati ya hiyo, ubaya ni kugundua mkiwa mmeshashuka na mzee anatafuta mfuko wa kubebea.

Swali la tatu ni bei. Boti za aina hii hulipiwa kwa boti nzima, si kwa kichwa. Ukiambiwa bei, uliza hapo hapo: hiyo ni ya boti au ya mtu mmoja? Ni ya saa ngapi? Mafuta, chambo na vifaa vimo? Boti ndogo ya nusu siku na boti kubwa inayokwenda mbali siku nzima hazikaribiani bei, ndiyo maana hatukupi kiwango hapa. Chukua bei za boti tatu tofauti kwa saa zile zile ndipo utajua ya wastani ni ipi. Ile iliyo chini kabisa ya nyingine zote, iulize maswali zaidi kuliko hizo mbili.

Mwezi una bei yake

Kuanzia Aprili upepo wa kusi huingia na bahari huchafuka, na boti nyingi za Watamu hukaa nchi kavu mpaka karibu Agosti. Anayekupa bei nafuu ya kwenda bahari kuu mwezi Juni, au hajui bahari au anajua vizuri sana kwamba boti haitatoka. Sulisuli huwa wengi mwishoni mwa mwaka hadi Januari, nduwaro huendelea baada ya hapo.

Sasa linganisha na kalenda ya nyumbani. Oktoba hadi Desemba mzee yuko kwenye mavuno. Desemba pwani imejaa, vyumba vimepanda na tiketi za treni ni vita. Januari ni karo, ndiyo maana watu wakaiita Njaanuari. Inabaki Februari na mwanzo wa Machi: mahindi yameshauzwa, shamba linangoja mvua, bahari imetulia, wageni wamepungua. Kwa familia ya Subukia hatuoni wakati mzuri zaidi ya huo. Na kama mtaenda Februari, akiba inafaa kuanza Septemba au Oktoba, na malipo ya kwanza ya boti yafanyike baada ya karo, yasigombane nayo.

Nani analipa nini

Hili halimo kwenye matangazo ya boti, lakini ndilo linaloharibu safari kuliko mawimbi. Mtoto anataka kulipa kila kitu. Anaona ni heshima. Mzazi naye, aliyezoea kuwa ndiye mwenye mfuko, anajikuta kila mahali amesimama nyuma huku mtoto akibonyeza simu: matatu, chai, chumba, maji ya kunywa. Siku ya pili ananyamaza. Siku ya tatu anaanza kuuliza bei ya kila kitu na kusema ni ghali. Mtoto anadhani mzee hana shukrani.

Ongeeni kabla. "Mama, mimi nitalipia treni na chumba. Wewe ungependa kushika nini?" Wengi watasema kitu, hata kama ni kidogo. Tuseme, kwa mfano tu, boti ni shilingi 40,000 na mwenye boti anataka 10,000 kwanza. Binti ni muuguzi Nairobi, baba anauza maziwa na nyanya Subukia. Baba anaweza kubeba ile 10,000 ya kwanza kwa kuweka 2,000 kila mwezi kwa miezi mitano. Siku ya kuvua, boti ile ni yake pia. Akikaa kwenye kiti cha mvuvi hakai kama mgeni wa mtoto wake.

Na kama kila mmoja ana sehemu yake, kila mmoja ailipe moja kwa moja kwa mwenye boti. Usimtumie mzazi pesa ili atoe kwa wakala halafu alipe taslimu. Kwa viwango vya M-Pesa, kutuma 10,000 ni shilingi 90 na kuitoa ni 115. Umepoteza 205 bila kununua chochote. Akilipa kwa Nunua Bidhaa kwenda kwenye Till ya biashara, mlipaji hakatwi ada. Lipa Bili ni tofauti kidogo: kuna biashara zinazobeba ada na kuna zinazomwachia mteja, kwa hiyo soma ujumbe kabla ya kukubali.

Jambo moja zaidi, na tunalisema kwa sababu tunaliona kila wiki: mzazi kumpa mtoto simu na namba ya siri ili "anisaidie kulipa." Mtoto ni wako na unamwamini, sawa. Lakini mzazi aliyezoea kuitaja namba yake kwa mtoto ataitaja pia kwa wakala, kwa jirani, na kwa yule anayepiga simu akijifanya ni wa kampuni. Mtoto, mshikie mzazi simu, mwelekeze mpaka pale panapoulizwa namba ya siri, kisha mrudishie aweke mwenyewe huku wewe ukitazama pembeni. Ikiwa ameisahau, ibadilisheni wiki moja kabla ya safari, si stesheni.

Arbuni: pesa ya kwanza ndiyo yenye hatari

Watu wa pwani wana neno zuri kwa malipo ya kushikilia nafasi: arbuni. Ni sehemu ndogo inayomwambia muuzaji kwamba umekubali, na yeye asimpe mtu mwingine siku yako. Sehemu ndogo. Anayekutaka ulipe bei yote ya boti mwezi mmoja kabla, huku hujaona hata kivuli chake, anakuomba umbebee hatari yake yote. Robo ya bei ni jambo la kawaida kujadili; salio lilipwe mkiwa Watamu.

Matapeli wa safari hufanya kazi kwa picha. Wanachukua picha za boti ya mtu, wanafungua ukurasa wa Facebook, wanaweka namba ya WhatsApp na bei ya kuvutia, halafu wanakuharakisha: "Imebaki nafasi moja, tuma sasa nikushikie." Mwenye boti wa kweli naye anaweza kuwa na haraka msimu ukiwa juu, kwa hiyo haraka peke yake haimthibitishi mtu kuwa mwizi. Mpime kwa vitu vingine. Mwombe akupigie simu ya video akiwa kando ya boti, na jina la boti lionekane. Mwulize boti inatia nanga wapi, kisha pigia hoteli au duka la Watamu ambalo hakukupa yeye, uulize kama wanaijua. Watamu ni mji mdogo, boti zinajulikana. Mwulize pia kuhusu leseni ya boti na jaketi za kuokolea maisha. Nahodha wa kweli hujibu swali hilo bila kukasirika, maana ameshaulizwa na Mamlaka ya Usafiri wa Majini ya Kenya.

Halafu jina. Unapotuma pesa, jina la mpokeaji hutokea kabla pesa haijaondoka. Watu hawalisomi. Wanabonyeza kukubali kama wanavyofunga mlango. Lisome kwa sauti, mzazi alisikie: kama mmeongea na biashara ya boti na jina linalotokea ni la mtu binafsi msiyemjua, simamisheni. Mpigie, uliza. Nahodha mdogo asiye na Till anaweza kweli kutumia namba yake au Pochi la Biashara, na si kosa, ila basi jina lifanane na la mtu mliyeongea naye na aliyewaonyesha boti.

Kabla ya kutuma, mwandikie ujumbe mmoja wenye kila kitu, naye ajibu kwamba amekubali. Unaweza kuuandika hivi: "Tumekubaliana boti siku nzima tarehe 20 Februari, watu wawili, jumla 40,000 kwa boti, mafuta na chambo vimo. Leo natuma arbuni 10,000. Bahari ikichafuka na usitoke, tunahamisha siku au unarudisha 10,000. Sisi tukishindwa kuja bila kukuambia siku saba kabla, arbuni ni yako." Ujumbe huo wa mistari mitano una nguvu kuliko simu kumi. Pale penye bahari ndipo muhimu zaidi. Nahodha akiamka akaona mawimbi hayafai, kukataa kwake kutoka ni kukulinda, na hapaswi kuogopa kukataa kwa sababu ya pesa yako. Mkiwa mmekubaliana mapema, hataogopa. Kama mnaweza, wekeni boti siku ya kwanza au ya pili ya kukaa kwenu, ili ikiahirishwa kuna kesho.

Wengi hukwama hapa: wanadhani huduma ya kurudisha pesa itawaokoa. Ukikosea namba kwenye M-Pesa, unatuma ule ujumbe wa malipo kwenda 456 na ombi linashughulikiwa, mradi pesa haijatolewa au kutumiwa. Huduma hiyo ni ya namba iliyokosewa. Haikuwekwa kwa ajili ya boti ambayo haikutoka, wala kwa mteja aliyebadilisha nia. Ukiitumia kumkimbia mwenye boti ambaye mmekubaliana naye, ataonyesha makubaliano na utaaibika wewe. Ukiona umetapeliwa, basi tuma namba ya tapeli bure kwenda 333, wapigie huduma kwa wateja papo hapo, na uandikishe polisi ukiwa na ule ujumbe wa malipo. Saa ya kwanza ina thamani kuliko siku tatu zinazofuata.

Treni na njia ya kufika

Hapa ni kwa ufupi. Tangu Januari 2024 daraja la kawaida la SGR kati ya Nairobi na Mombasa ni shilingi 1,500 na la kwanza 4,500, kwa hiyo watu wawili kwenda na kurudi daraja la kawaida ni 6,000. Unaweza kukata kwa *639# na kulipa kwa simu. Majina na namba za vitambulisho viwe vya wasafiri wenyewe. Mzee akiacha kitambulisho kabatini Subukia mtakwama Syokimau. Hakuna haja ya mtu wa kati. Anayejitolea kukukatia tiketi kwa "ada ndogo" anakuuzia kitu ambacho simu yako inafanya.

Msijaribu kutoka Subukia asubuhi na kuwahi treni ya asubuhi. Shukeni Nakuru na Nairobi jana yake, mlale kwa mtoto. Mkifika Miritini, magari ya Malindi hupitia Mtwapa na Kilifi. Mnashuka Gede na kuchukua tuktuk ya kuingia Watamu. Barabara hiyo wekeni pesa taslimu kidogo, noti ndogo ndogo, kwa sababu kuna saa mtandao hukataa na tuktuk haingoji.

Siku yenyewe

Watu wa bondeni, waliozoea hewa ya juu na ardhi isiyotikisika, hulewa na mawimbi. Nunueni dawa ya kichefuchefu kwenye famasia siku moja kabla, mwulize mfamasia kama inapatana na dawa za mzee, hasa za presha. Huinywa kabla ya kupanda, ikishaanza shida haisaidii sana. Chakula chepesi, kofia ya kufungwa, maji mengi. Jaketi la kuokolea maisha livaliwe na asiyejua kuogelea tangu boti inapoondoka, hata kama mabaharia hawajavaa.

Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Watamu, iliyotengwa 1968 pamoja na ile ya Malindi, kuvua hakuruhusiwi. Nahodha akikuambia mnaweza kutupa mshipi pale karibu na matumbawe kwa bei nafuu, shuka. Kama mtasimama hifadhini kutazama samaki, kuna ada ya KWS na hulipwa kupitia eCitizen, si mkononi mwa mtu. Ulizeni mapema kama imo kwenye bei.

Salio la boti lilipeni nchi kavu. Kule nje mtandao hupotea, na simu yenye pesa yenu yote haina kazi ya kushikwa kwa mikono yenye maji na chambo. Iwekeni kwenye mfuko usioingia maji, au mmoja aache yake chumbani, ili ikianguka moja baharini bado mna ya kulipia nauli ya kurudi. Bakshishi ya mabaharia wapeni wenyewe, kila mmoja kwa namba yake, baada ya kulipa boti. Hapo mwachieni mzee atume. Atafurahia kumtumia kijana aliyemshikia kiti wakati sulisuli anaruka.

Kama mfuko haufiki pwani

Naivasha iko karibu, mnaenda na kurudi siku moja. Ziwani kuna perege, kamongo hayupo, kuna kapu, na kuna besi aliyeletwa kutoka Marekani mwaka 1929. Boti ni ndogo na bei ni ndogo vilevile, ila viboko ni wa kweli, kwa hiyo mambo ya jaketi na mwongozaji mwenye kibali hayapungui. Arbuni, jina kwenye simu, ujumbe wa makubaliano: yote ni yale yale. Wengine huanza huko Septemba, wakaona kama mzee anapenda maji, ndipo wakaweka akiba ya Februari.

Na kama mtapewa nguru wa kurudi naye nyumbani, mwulizeni mwenye boti siku moja kabla kama anaweza kumgandisha usiku kucha. Nunueni sanduku la barafu Watamu, mfungeni vizuri kwa mifuko miwili, kisha mkasafiri bila kuchelewa. Mpaka mshuke Nakuru mpate gari la Subukia, barafu itakuwa imeanza kuyeyuka, kwa hiyo mpigieni mama mapema aweke sufuria tayari.